Mwamba Uliofunguliwa Siku ya Maji Mafu: Uchambuzi wa Kisa cha Msimu wa Pweza Pemba

Kisa na mipaka yake

Shehia moja ya pwani, kusini mwa Pemba, ilifunga mwamba wake wa pweza kwa miezi mitatu. Iliulinda kwa taabu, usiku na mchana, kisha ikapoteza sehemu kubwa ya faida ya ulinzi huo kwa asubuhi moja, kwa kuwa siku ya kuufungua ilitolewa kwenye kalenda ya ukutani badala ya kuhesabiwa kwa mwezi. Mwaka uliofuata watu wale wale waliufunga tena mwamba ule ule, wakabadilisha hesabu ya siku na utaratibu wa nani anatangulia kuingia, na mambo yakaenda vyengine kabisa. Tofauti ya miaka hiyo miwili ndiyo iliyonifanya niandike kwa urefu, maana tunapozungumzia kufunga mwamba mara nyingi tunaishia kwenye kufunga, na habari ya kufungua tunaiachia mpaka siku yenyewe ifike.

Nilikuwa karibu na kisa hiki kwa miaka yote miwili, nikiwa mshika daftari wa mizani hapo diko, pahala wavuvi wanaposhushia na kuuza walichovua. Jina la shehia, la mwamba na la kila mhusika nimeyaondoa, pamoja na mwaka na alama za mahali zinazoweza kumtambulisha mtu. Wahusika nimewaita kwa nafasi zao tu.

Usuli

Mwamba wenyewe ni ukingo wa matumbawe ulio mbele ya kijiji, ambao mtu anaweza kuufikia kwa miguu wakati wa bamvua na hawezi wakati mwengine. Bamvua huja mara mbili katika kila mwezi, unapoandama na unapokuwa mpevu, na katika bahari yetu tofauti baina ya maji makuu na maji kupwa siku hizo hufika karibu mita nne. Kwa bahati nzuri ya wanawake wa pwani, bamvua yetu hutoka asubuhi: kiasi cha saa nne na nusu hivi maji yamefika mwisho wa kutoka, na ukingo wote umebaki mkavu. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa muda unaokaribia saa nzima, na hutoka kidogo zaidi kuliko jana yake, mpaka yafikie maji mafu, mwezi nane au mwezi ishirini na tatu, yaani siku ya nane au ya ishirini na tatu tangu mwezi kuandama, ambapo mwisho wa kutoka huangukia alasiri na mwamba hauonekani kabisa.

Wanaouvua mwamba huo ni makundi mawili. Wanawake, na baadhi ya wazee na watoto, huchokoa kwa miguu wakiwa na kijiti kirefu na chuma chenye ncha. Wanaume huzamia kwa miwani na mkuki, wakitumia mtumbwi au boti, na wao hawaisubiri bamvua, kwa sababu maji ya kimo cha mtu hayawazuii. Tofauti hiyo, ambayo kila mtoto wa pwani anaijua, ndiyo iliyosahauliwa katika kikao cha mwaka wa kwanza.

Niliwahi kufuatana na mama mmoja ambaye wenzake wote humwita Bi Mkubwa na kumtanguliza kwa kila jambo la pwani. Alisimama mbele ya tundu ambalo mimi nisingelitambua, akanionesha kwa ncha ya kijiti magamba ya kaa yaliyovunjika na vijiwe vilivyopangwa mlangoni. "Nyumba yake anaifagia mwenyewe," aliniambia, "taka anazitupa nje, ndizo zinazomtaja." Aliingiza kijiti taratibu, akasubiri, na nikaona mkono mmoja wa pweza ukitoka na kukizunguka kijiti. Hakuvuta. Alimwacha auongeze mkono wa pili, wa tatu, kisha akamnasa kwa chuma na kumtoa kwa mkupuo mmoja. Tundu la tatu lilikuwa limezibwa kwa vijiwe karibu lote. Aligusa kidogo, na aliyekuwa ndani akajivuta nyuma badala ya kukikamata kijiti. Bi Mkubwa akasema, "Huyu analea," akapita.

Anayelea ni jike aliyetaga. Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, na jike hutaga mara moja tu katika uhai wake. Hutundika mayai, madogo kuliko punje ya mchele, kwenye dari la tundu, akaziba mlango, akakaa ndani bila ya kula huku akiyapulizia maji safi mpaka yaanguliwe, na baada ya hapo hufa. Watoto huchukuliwa na maji kwa majuma kadhaa kabla ya kutua mwambani. Wakishatua hukua kwa kasi inayowashangaza watu wasiofuga hata kuku, kwa maana pweza wa nusu kilo akiachwa mwezi mmoja hadi miwili anaweza kuwa wa kilo au zaidi. Kwa hiyo kuufunga mwamba kwa muda mfupi kuna maana, jambo ambalo lisingekuwa hivyo kwa changu au chewa anayehitaji miaka. Watu wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walianza kufanya hivyo mwaka 2004, na hapa kwetu Kisiwa Panza walikwishafunga mwamba wao, hata habari ikaenea kijiji kwa kijiji.

Mfano uliotoka mtoni

Kamati ya uvuvi ya shehia ilipokutana barazani baada ya sala ya Isha kupanga kufunga, aliyesikilizwa zaidi alikuwa mzee mmoja wa kijiji aliyeishi miaka mingi Uskoti, karibu na mto Tay, na kurejea kupumzika nyumbani. Wote walimwita Ami. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mvuvi, na huko ugenini alizoea kwenda ukingoni mwa mto kuwatazama watu wakivua kwa mshipi trauti, samaki wa mtoni, na samoni, anayetoka baharini na kupanda mto ili atage.

Ami alieleza kwamba kwenye mto Tay msimu wa samoni hufunguliwa tarehe 15 Januari na kufungwa tarehe 15 Oktoba, na kwenye mto Tweed hufunguliwa tarehe 1 Februari na kufungwa tarehe 30 Novemba. Trauti wa asili naye ana tarehe zake, kuanzia 15 Machi hadi 6 Oktoba. Siku ya Jumapili hakuna ruhusa ya kuvua samoni. Alisema pia kwamba tangu mwaka 2015 samoni anayevuliwa kabla ya tarehe 1 Aprili hurudishwa majini akiwa hai, kwa kuwa wale wanaopanda mto mapema katika mwaka wamepungua sana, na kwamba aliyekwisha kutaga na kudhoofika, akijaribu kurudi baharini, ni kosa kumchukua wakati wowote.

Sheha, mkuu wa shehia, alimuuliza, "Ami, kwa hiyo tarehe hiyo anaijua kila mtu?"

"Kila mtu, Sheha. Mtoto anaijua. Mlinzi wa mto akikukuta tarehe 16 Oktoba na mshipi mkononi, huna la kumwambia."

Maneno hayo yaliingia. Kilichoipendeza kamati ni ile tarehe isiyobadilika, ambayo haimpi mtu nafasi ya kusema hakupata habari. Ninakumbuka pia jinsi Ami alivyosimulia siku ya kufungua msimu kule Kenmore, kijiji cha ukingoni mwa Tay, watu wakiandamana hadi mtoni kwa zumari katikati ya baridi ya Januari, na jinsi barazani kote walivyonyamaza kumsikiliza. Nadhani hapo ndipo wazo la sherehe ya kufungua lilipozaliwa, na sherehe nayo ikaja kudai tarehe.

Uamuzi wa kufunga na sababu zake

Kamati iliamua kufunga kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 31 Agosti, na kufungua tarehe 1 Septemba saa mbili asubuhi. Miezi hiyo ilichaguliwa kwa hoja nzuri. Ni miezi ya kusi, upepo ni mkali, na wazamiaji wenyewe siku nyingi hawatoki. Ni miezi ambayo mwani huota vizuri kwa sababu maji yamepoa, kwa hiyo wanawake watakaokosa pweza watakuwa na kitu kingine cha kushika. Urefu wa miezi mitatu ulitoka kwenye mfano wa majirani, na hoja yake ni kwamba chini ya hapo pweza mdogo hajapata muda, na zaidi ya hapo waliokomaa wataanza kutaga na kufa matunduni bila ya mtu kufaidika nao.

Bi Mkubwa aliuliza swali moja katika kikao hicho. "Mwenyekiti, hiyo tarehe mosi Septemba itakuwa mwezi ngapi?" Mwenyekiti alitazama kalenda iliyokuwa ukutani, ambayo haikuwa na miezi ya Kiislamu, akasema hilo litaangaliwa baadaye. Katika daftari la kikao nililoliandika mimi mwenyewe, swali hilo halimo. Niliona ni la pembeni. Leo ningeliandika juu ya ukurasa.

Miezi ya ulinzi

Ulinzi ulikwenda vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Mipaka iliwekwa kwa chelezo za madumu zilizofungiwa mawe, zamu za doria ziligawanywa kwa mitaa, na wavuvi wa dago waliokuwa wakipiga kambi pwani ile walipelekewa habari na Sheha mwenyewe kabla hawajafika. Walipofika walivua nje ya chelezo, isipokuwa boti moja ambayo iliondoka baada ya kuambiwa mara moja tu.

Mtihani ulitoka ndani ya kijiji. Idi Kubwa iliangukia katikati ya kufunga, na katika bamvua ya mwezi kuandama, siku chache kabla ya Idi, vijana wawili walikutwa mwambani usiku na taa. Wapo waliotaka wapelekwe kituoni. Sheha alikataa, akasema mtu anayeiba siku tisa kabla ya Idi ana watoto wanaongojea nguo. Walitozwa faini ndogo, pweza waliowavua wakapelekwa kwa mayatima, na wao wenyewe wakaingizwa katika zamu ya doria ya usiku mpaka mwisho. Sikuandika kosa jengine la watu wa kijijini baada ya hapo.

Siku ya kufungua

Tarehe 1 Septemba ilikuwa mwezi ishirini na tatu Mfunguo Nne, mwezi wa nne baada ya Ramadhani, maji mafu kamili.

Saa mbili asubuhi, dua iliposomwa na wageni walipokaa kwenye viti, bahari ilikuwa inajaa. Wanawake walikuwa wamesimama ufukweni tangu alfajiri na vijiti vyao na vikapu vipya, wengine wamejifunga kanga za sare, na mbele yao hapakuwa na mwamba, palikuwa na maji tu. Filimbi ilipopigwa, boti na mitumbwi ya wazamiaji iliondoka kwa pamoja. Ilikuwamo pia mitumbwi ya vijiji vya jirani, kwa sababu tarehe ilitangazwa wazi na kwa muda mrefu, kama ilivyokusudiwa.

Mizani yangu ilianza kazi saa nne. Pweza walikuwa wakubwa kweli. Nilipima wa kilo tatu na wa kilo nne, ambao kwa mwamba ule tulikuwa hatujawaona kwa miaka, na wazee walikuwa wakija kuwashika mikono kwa kustaajabu. Lakini majina niliyoyaandika ukurasa wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, yote yalikuwa ya wanaume wenye miwani. Kufikia adhuhuri mnunuzi aliyekuja na gari la barafu alikuwa amekwisha kujaza, akashusha bei, na waliofika baadaye waliuza kwa bei ile ile ya mwaka mzima au chini yake.

Alasiri, kiasi cha saa kumi, maji yalifika mwisho wa kutoka, na pahala ambapo bamvua huacha pakavu palikuwa na maji ya mapajani. Wanawake wachache waliingia hivyo hivyo. Upepo ulikuwa unavuruga uso wa maji, hakuna aliyeweza kuona tundu. Bi Mkubwa alirudi na pweza mmoja, nikampima, akanitazama nikiandika jina lake, la kwanza la mwanamke siku ile, na hakusema kitu.

Bamvua ilikuja baada ya juma moja. Wanawake walikuta mwamba uliovuliwa kila siku kwa siku saba na wazamiaji wa vijiji vinne, na pahala pengi matumbawe yamevunjwa kwa mitarimbo ili kumtoa pweza aliyejificha. Wale ambao kwa miezi mitatu hawakuwa na njia nyengine ya kuvua, maana mzamiaji aliyezuiwa mwambani huenda kuzamia pengine, ndio waliobeba gharama yote ya kusubiri na ndio waliorudi na vikapu vitupu.

Kikao cha baadaye na mabadiliko

Kikao kilichoitwa mwezi uliofuata kilikuwa kizito. Wanawake walikuja kwa wingi kuliko wakati wowote, na mmoja wao alisema wazi kwamba mwakani wasiombwe tena kukubali kufunga ikiwa kufungua ni kwa wengine. Mwenyekiti aliomba radhi mbele ya watu. Ami naye alisimama, na alichokisema ndicho kilichobadilisha mazungumzo: kule Uskoti tarehe imetokana na samaki, kwa sababu samoni hutaga katika vijiwe vya mto msimu wa mapukutiko na mwanzo wa baridi kila mwaka, miezi ile ile, na kufunga mto ni kumpisha atage. "Mimi nilikuleteeni tarehe," alisema, "nikasahau kukuleteeni sababu yake."

Pweza wetu hutaga mwaka mzima, ingawa kuna miezi ya kuzidi, kwa hiyo hakuna tarehe moja ambayo yeye anatulazimisha. Kinachotulazimisha ni maji. Kikao kilikubaliana kwamba mwaka wa pili mwamba ungefungwa mwezi 15 Mfunguo Pili na kufunguliwa mwezi 15 Mfunguo Tano, ambayo kwa mwaka ule iliangukia katikati ya Juni hadi karibu siku ya kumi ya Septemba. Miezi ya kusi ilibaki ile ile, na ufunguzi ukaingia ndani ya bamvua ya mwezi mpevu.

Yaliyoamuliwa pamoja na hilo yalitoka kwa wanawake karibu yote. Siku mbili za mwanzo zingekuwa za miguu tu, bila ya miwani wala boti, kwa mtu yeyote anayetaka kuingia kwa kijiti, mwanamume au mwanamke. Wazamiaji wangeingia siku ya tatu, na vijiji vya jirani siku hiyo hiyo. Mtarimbo ulipigwa marufuku moja kwa moja. Pweza chini ya nusu kilo asingepimwa diko, na jike anayelea aachwe tunduni, kanuni ambayo Bi Mkubwa aliifuata maisha yake yote na ambayo Ami aliifananisha na ile ya samoni aliyekwisha kutaga. Mfano huo haulingani sawasawa, kwa kuwa baadhi ya samoni wa Atlantiki hurudi baharini na kupanda mto tena, ilhali pweza, kama samoni wa Pasifiki, akishazaa amekwisha, na anayelindwa hapo ni watoto tu. Lakini ulieleweka, na ulishika.

Bei nayo ilizungumzwa kabla. Wanunuzi wawili walialikwa badala ya mmoja, na wote wawili walikubali bei ya siku tatu za mwanzo mbele ya Sheha.

Matokeo ya mwaka wa pili

Siku ya ufunguzi hapakuwa na viti. Dua ilisomwa saa tatu wakati maji yanatoka, na kufikia saa nne ukingo wote ulikuwa nje, unametameta, na wanawake wametawanyika juu yake kwa safu wakiwa wameinama. Ukurasa wa kwanza wa daftari ulijaa majina ya wanawake kabla boti yoyote haijasogea. Wapo waliokwenda kwanza kufunga kamba za mwani zilizolegea, maana mwani nao unafanyiwa kazi katika bamvua hiyo hiyo, wakaja mwambani wamechelewa, na bado walipata.

Wazamiaji walinung'unika siku ya pili jioni, wawili walijaribu kuingia kwa kisingizio cha kuvua samaki wengine, wakarudishwa na doria ambayo mmoja wa walinzi wake alikuwa ni kijana aliyekamatwa mwaka uliopita. Siku ya tatu waliingia, na kwenye kina ambacho miguu haifiki walikuta pweza wao. Ninaamini hilo ndilo lililowanyamazisha zaidi kuliko amri yoyote. Mwamba una sehemu ya kila mmoja, na pweza wa mita tano chini hakuwa wa kugombaniwa na mwenye kijiti.

Bei ilisimama siku mbili. Siku ya tatu, pweza walipozidi, mnunuzi mmoja alijaribu kuishusha, na mwenzake akanunua kwa bei ya makubaliano mpaka barafu yake ikaisha.

Uchambuzi

Kufunga kwenyewe kulifanikiwa miaka yote miwili, na ningependa hilo lisisahauliwe, kwa sababu mwaka wa kwanza baadhi ya watu walianza kusema kwamba kufunga hakuna faida. Faida ilikuwapo, pweza wa kilo nne nilimpima mimi. Iliyokosewa ni njia ya kuigawa. Mwamba uliofungwa ni kama ghala, na siku ya kufungua ndiyo inayoamua ufunguo anao nani. Ukifungua katika maji mafu, umempa mwenye boti na miwani. Ukifungua katika bamvua bila ya utaratibu, utawapa wote kwa pamoja, na mwenye nguvu atatangulia. Siku mbili za miguu ziliwezekana tu kwa kuwa zilikuwa siku ambazo miguu ina pa kukanyaga.

Kuhusu mfano wa Uskoti, sioni kwamba kamati ilikosea kuusikiliza. Tarehe inayojulikana, ulinzi wenye sura za watu, na kumwachia mzazi, yote hayo yalitufaa. Lakini haki ya kuvua samoni kule ni mali ya mtu au chama, kama shamba, na anayesubiri mto ufunguliwe ndiye huyo huyo atakayevua au kukodisha msimu ukifunguliwa. Mwamba wetu hauna hati. Anayesubiri na anayekuja kuvuna wanaweza kuwa watu tofauti kabisa, na ndiyo maana kwetu utaratibu wa kufungua una uzito ambao kule hauhitajiki. Hilo lilipaswa kuulizwa usiku ule ule wa kwanza barazani, nami nilikuwapo.

Namna Sheha alivyowashughulikia wale vijana wawili inastahili kutazamwa na kamati nyengine. Adhabu ya kituoni ingemaliza kosa moja na kuzaa kinyongo katika nyumba mbili. Kuwaingiza katika doria kuliwapa wajibu juu ya mwamba, na mwaka wa pili mmoja wao alikuwa mlinzi asiyekosa zamu.

Yaliyobaki bila ya kupona ni matatu au zaidi. Pweza wadogo hawakupimwa diko, lakini walipikwa majumbani na wengine walikwenda kwa wachuuzi wa njiani ambao hawapiti kwenye mizani. Katika siku nne au tano tangu kufunguliwa, uvuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwamba ulirudi kuwa kama zamani, jambo ambalo lilionekana Madagaska pia, na dawa yake haijapatikana isipokuwa kuacha kipande kimoja kisifunguliwe kabisa. Pendekezo hilo lilitolewa na kina mama, na wazamiaji wamelipinga kwa sababu kipande kilichotajwa ni cha kina kirefu, yaani chao. Na Idi ya ndani ya kufunga bado inawabana wenye dhiki. Mfuko mdogo wa faini na michango ulianzishwa kwa ajili hiyo, nao haujatosha.

Kuna na tatizo lililozaliwa na suluhisho lenyewe. Mwezi hauna uhakika mpaka uandame, na mnunuzi anayetoka mjini na gari la barafu anataka kujua siku yake mapema. Mwaka wa tatu, tangazo lililobandikwa ukutani mwa ofisi ya Sheha liliandikwa mwezi 15, na chini yake tarehe mbili za Kizungu zinazofuatana. Mnunuzi mmoja alikuja kulalamika kwamba hawezi kukodi gari kwa tarehe mbili. Bi Mkubwa, aliyekuwa amekaa hapo kizingitini akisuka ukili, alimjibu, "Njoo ile ya kwanza, mwanangu. Mwezi ukichelewa siku moja maji hayatagoma, yatatoka tu." Akaja ile ya kwanza.